Kupima wachezaji wa mpira kwa chaki, futi na koni

Kocha mwenzangu, msimu mmoja nilimwacha kijana kwenye majaribio kwa sababu ya ufupi wake. Alirudi na timu nyingine, akamzunguka beki wangu mrefu dakika tisini nzima. Bado inaniuma. Tangu hapo sichagui kwa macho, napima.

1. Mwili. Pima asubuhi kabla ya chai, pekupeku, kaptula tu. Kwa urefu, visigino na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele. Mwekee kitabu kigumu kichwani, uchore mstari chini yake. Kisha uzito, halafu kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, akiwa ameshusha pumzi. Kilo zikiongezeka na kiuno kisibadilike, huenda amejenga misuli. Vikipanda vyote viwili, mafuta yanaingia. Makipa na mabeki wa kati huwa warefu na wazito zaidi, kwa hiyo mlinganishe mtu na wa namba yake. Na kumbuka Messi ana sentimita 170 hivi.

2. Kuruka. Apake chaki vidoleni, asimame ubavu ukutani, aguse juu kadiri anavyofika. Kisha akunje magoti, aruke, aguse tena. Pima nafasi kati ya alama hizo mbili. Mpe nafasi tatu, andika iliyo bora.

3. Kasi. Mita 10 za mwanzo ndizo zinazowahi mpira, lakini saa ya mkononi hukosea sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na wachezaji wawili wanaweza kupishana kwa kiasi hichohicho tu. Kama huna mitambo ya kupima muda, kimbiza mita 30. Mshika saa awe yuleyule kila mara.

4. Pumzi. Hiki kipimo kiwe cha mwisho, na wawe wamepumzika siku mbili baada ya mechi. Kinaitwa Yo-Yo. Weka koni mbili kwa mita 20, na ya tatu mita 5 nyuma ya mstari wa kuanzia. Milio iliyorekodiwa inatoka kwenye spika, naye aifuate: anakwenda, anageuka, anarudi, kisha ana sekunde 10 za kuizunguka taratibu ile koni ya nyuma. Mwendo unaanza kilomita 10 kwa saa na unazidi kupanda. Akichelewa mara ya kwanza, mwonye; ya pili, mtoe. Kila kwenda na kurudi ni mita 40, kwa hiyo zidisha kwa idadi ya safari alizomaliza.

Wavivu wa kugeuka utawaona hapa: wanakata kabla ya mstari. Weka msaidizi kila upande, mguu usiogusa mstari usihesabiwe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima wachezaji wa kiwango cha juu kabisa na wale wa kiwango cha kati. Wa juu walifika wastani wa mita 2,260, wa kati 2,040. Wote walikuwa wa kulipwa. Kijana wako wa ligi ya wilaya akifika 1,400, usimvunje moyo. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na hali ya uwanja, umpime tena baada ya wiki sita akiwa na viatu vilevile.