Matiti yakijaa mno na mtoto akashindwa kunyonya

Kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya kujifungua, maziwa huingia kwa wingi na titi hukaza. Chuchu hulala bapa, mtoto akateleza au akashika ncha tu. Hapo ndipo michubuko huanza, na wengi hukimbilia chupa mapema bila sababu.

Lainisha kwanza. Zungushia ncha za vidole kwenye shina la chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani kwa dakika 1 hadi 3. Likiwa bado gumu, kamua kidogo: kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu; sukuma nyuma, minya, achia. Usiburuze vidole kwenye ngozi.

Sasa mweke mtoto tumbo kwa tumbo nawe, pua yake ielekee chuchu. Subiri apanue mdomo kabisa, ndipo umsogeze yeye kwenye titi. Kidevu kiguse titi, sehemu nyeusi inayozunguka chuchu iingie mdomoni, hasa ya chini. Ukiumia, penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, anza upya.

Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Akishindwa, kamua umpe kwa kikombe kidogo. Maji au glukosi asipewe.

Akikataa kunyonya kabisa, akilegea, akiwa na homa au manjano mwilini, au mama akipata homa na titi likawa jekundu, nendeni kituo cha afya mara moja.