Breki za umeme za kempa: anzia kwenye tairi, kontrola baadae

Watu wengi wakiona kempa (trela ya kulala inayovutwa na gari) inawasukuma kwa nyuma kila wakikanyaga breki, mkono unaenda moja kwa moja kwenye kontrola ya dashibodi, wanaongeza nguvu, bado, wanaongeza tena mpaka mwisho alafu wanasema kontrola mbovu. Kontrola kazi yake ni kupeleka umeme tu. Kama breki shuu (vile vipande vinavyobana) ziko mbali na dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi), hata upeleke volti 12 zote breki itachelewa kushika na ikishika itakuwa dhaifu, kwaiyo anza chini kwenye tairi.

Ndani ya dramu kuna sumaku ya umeme iliyokaa kwenye mkono wa chuma. Ukikanyaga breki umeme unaingia, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo kidogo, na ule mkono unazitanua shuu mpaka zibane dramu. Shuu zikilika mkono inabidi usafiri zaidi kabla hazijagusa. Zipo breki zinazojirekebisha zenyewe, ila nyingi za kempa ndogo ni za kurekebisha kwa mkono, na zikiwa mpya ndo zinahitaji kuangaliwa mapema zaidi, baada ya kilomita 300 hivi, kisha kila kama kilomita 5,000.

Egesha sehemu tambarare, acha trela imefungwa kwenye gari, vuta hendibreki ya gari, kinga tairi za upande ambao hunyanyui. Piga jeki kwenye chesisi, sio kwenye ekseli maana ekseli inaweza kupinda, alafu weka stendi, usifanye kazi chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake tafadhali. Nyuma ya breki kwa chini kuna tundu dogo, mara nyingi limezibwa na kifuniko cha mpira. Chungulia na tochi utaona kigurudumu kidogo chenye meno, hicho ndo kinachosogeza shuu. Kizungushe kwa bisibisi bapa huku unazungusha tairi kwa mkono uelekeo wa kwenda mbele, endelea mpaka tairi iwe ngumu kabisa kuzunguka. Hapo shuu zimekaa katikati ya dramu. Sasa rudisha nyuma jino kwa jino mpaka tairi izunguke kwa uhuru na usikie mkwaruzo mwepesi tu. Ukiacha imebana itachemka njiani, ukilegeza sana umerudi ulikotoka. Fanya tairi zote na zote zilingane, kwa sababu upande mmoja ukishika kuliko mwingine kempa itavuta pembeni.

Ukiwa hapo chini angalia waya pia. Kila sumaku inakula karibu ampia 3, na waya wa ethi (ule wa kurudisha umeme) ukiwa na kutu umeme haufiki wote hata kontrola iwe nzuri namna gani. Hili naliweka juu kuliko watu wanavyodhani, breki nyingi "zilizokufa" ni ethi mbovu tu au plagi iliyooza pini. Kwangua, kaza, paka grisi ya umeme. Ukikuta mafuta au grisi ya beringi imevujia kwenye shuu, kurekebisha hakutasaidia, shuu hizo badilisha.

Ndo sasa uje kwenye kontrola. Kempa iwe na mzigo ule ule utakaosafiri nao, maji kwenye tanki yahesabu, lita 100 ni kilo 100. Tafuta barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na magari. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa mwendo mdogo ili zipate joto kidogo, breki baridi zinadanganya. Kisha nenda kama kilomita 40 kwa saa, usikanyage pedeli, sukuma ile swichi ya mkono ya kontrola mpaka mwisho usikilize. Tairi za trela zikikwama na kuburuzika punguza nguvu kidogo, kempa ikivuta kivivu ongeza, rudia mpaka ufike pale inaposhika kwa nguvu ila tairi bado zinazunguka, chini kidogo tu ya kukwama. Baada ya hapo jaribu na pedeli ya kawaida, gari na trela vinatakiwa visimame pamoja, usisikie kusukumwa wala kuvutwa kwa nyuma.

Mvua ikinyesha au ukiingia kwenye changarawe, punguza, maana tairi itakwama mapema zaidi kuliko kwenye lami kavu. Ukimwaga maji na kushusha vitu pia punguza.

Usisahau ile swichi ya dharura yenye kamba, inayofunga breki trela ikichomoka. Chomoa kwanza plagi ya trela kwenye gari ili umeme usirudi kwenye kontrola, vuta pini ya swichi, alafu jaribu kusogeza gari taratibu sana: tairi za kempa zikigoma iko sawa, zikizunguka anza kwa kupima betri ya trela. Rudisha pini haraka, usiiache nje, betri itaisha na sumaku zitachemka bure.