Fundi Kaharibu Bafu: Kagua Kabla Hujalipa Salio

Anza na sakafu. Mwaga ndoo ya maji, usubiri dakika kumi. Yakituama kwenye kona, mteremko haupo. Unatakiwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Hilo halizibwi kwa grauti (uji wa saruji unaojazwa kati ya vigae), fundi akikwambia vinginevyo anakuzungusha. Vigae ving'olewe na zege lisawazishwe upya.

Kisha gonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu kina uwazi chini yake, mara nyingi kwa sababu gundi iliwekwa madonge matano badala ya kutandazwa kwa mwiko wa meno. Bafuni maji hujikusanya humo, kigae kikalegea. Vitie alama ya chaki, upige picha.

Kigumu zaidi kukagua ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa chini ya vigae, maana ikishafunikwa huioni. Dai ijaribiwe kabla vigae havijawekwa: ikishakauka, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 3, weka alama ukutani, acha saa 24. Kina kikishuka waziwazi au dari ya chini ikilowa, kuna mwanya, hasa kwenye kona na kuzunguka bomba.

Kona zenyewe zijazwe silikoni. Grauti hupasuka hapo.

Kasoro ziandike moja moja, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuzirekebisha, mtie sahihi wote wawili. Salio libaki mfukoni mwako mpaka jaribio la ndoo lirudiwe.