Namna ya Kulisoma Umbo la FtsH, Kimeng'enya cha Utando wa Bakteria

FtsH ni kimeng'enya kilichojikita katika utando wa ndani wa bakteria, nacho hutumia nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kukata protini zilizoharibika au zisizohitajika tena. Anayetaka kulielewa umbo lake na achukue faili 2CEA kutoka Benki ya Data ya Protini, ambalo ni la Thermotoga maritima, bakteria wa maji yenye joto kali, kisha alifungue kwa ChimeraX, programu isiyo na malipo kwa wanafunzi na watafiti wa vyuo.

Kabla ya yote, tambua kisichokuwamo. Kimeng'enya hiki kimeundwa na minyororo sita ya asidi amino iliyo sawa. Kila mnyororo huanza na heliksi (sehemu zilizojisokota) mbili zinazopenya utando, lakini sehemu hiyo iliondolewa ili zipatikane fuwele, yaani protini iliyogandishwa kwa mpangilio ili umbo lake lisomwe, kwa hiyo usidhani kwamba kimeng'enya hiki huelea ndani ya seli.

Ipe kila mnyororo rangi yake, kisha ugeuze umbo ulitazame kwa ubavu: utaona sahani mbili zilizopandana, ile ya ATP, yaani inayotumia ATP, ikiwa upande wa utando na ile ya kukata protini ikiwa mbali nao. Anza na sahani ya kukata, kwa kuwa imetulia na minyororo yake sita imejipanga kwa ulinganifu. Tafuta atomu ya zinki katika mnyororo mmoja. Histidini mbili za mfuatano wa asidi amino uitwao HEXXH (H ni histidini, E ni glutamati, X ni asidi amino yoyote) zimeishika, na glutamati iliyo jirani huiandaa molekuli ya maji inayovunja kifungo cha peptidi. Kishikio cha tatu cha zinki kinastahili kukaguliwa bila haraka: majaribio ya kubadili asidi amino yalikuwa yameelekeza kwenye glutamati nyingine, ilhali umbo lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha aspatati, asidi amino nyingine. Nadhani hakuna sehemu inayofundisha vizuri zaidi kwa nini umbo hutafutwa.

Sahani ya ATP haifuati ulinganifu huo wa sita. Fungua faili hilohilo mara ya pili, na kwa amri ya matchmaker, inayolinganisha maumbo mawili, ulaze mnyororo B wa nakala moja juu ya mnyororo A wa nyingine, ukitumia sehemu ya kukata pekee, yaani kuanzia takriban asidi amino ya 410. Sehemu za ATP zitaachana, kwa sababu kiungo kati ya sehemu hizo mbili hupinda. Katika 2CEA ulinganifu wa sahani hiyo ni wa mara mbili, yaani ukiizungusha nusu duara huonekana vilevile. Katika 2DHR, faili la FtsH ya bakteria mwingine, Thermus thermophilus, ni wa mara tatu. Usiharakishe kuamua lipi ni sahihi, kwani kila fuwele hunasa hali moja tu ya mashine inayotembea.

Hatimaye, tafuta katika 2CEA fenilalanini, asidi amino ya 234, kwenye tundu la katikati, inayoishika protini inayolengwa na kuisukuma ndani. Pima umbali wake hadi zinki ya mnyororo uleule, urudie kwa minyororo yote sita, na uandike vipimo hivyo katika jedwali moja ili tofauti za mkao wa minyororo zionekane kwa tarakimu.