Umeme wa kambini: mambo ya kuzingatia kabla ya masika

Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, baadhi ya walionusurika walihifadhiwa shuleni. Ndivyo inavyokuwa sehemu nyingi nchini: darasa linageuka bweni. Basi kamati ya maafa ianze na shule hiyo hiyo, na swali la kwanza liwe la Luku. Namba ya mita anayo nani? Familia hamsini zikihamia, fungu la kununua umeme litatoka wapi? Linaonekana jambo dogo, ila ndilo linalozua ugomvi uniti zikikatika saa mbili usiku. Namba hiyo ibandikwe ukutani, ili hata ndugu aliye mbali aweze kununua na kutuma tokeni kwa simu.

Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akague waya, ethi na sakiti breka mapema. Madarasa mengi yana taa mbili tatu na soketi moja, kama ipo. Simu kumi kwenye ekstensheni nzima hazina neno. Kinachounguza waya ni jagi la kuchemshia maji, ambalo peke yake linaweza kula wati 2,000. Itangazwe tangu siku ya kwanza kwamba umeme ni wa taa, simu na dawa, na kupika kufanyike nje kwa gesi au kuni. Kwenye dawa, ulizeni mapema nani anatumia insulini, maana akiba yake hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Taa ya kwanza, kwa maoni yangu, ifungwe njia ya chooni, kabla hata ya ofisi ya msimamizi. Kina mama na watoto ndio wanaopita huko gizani.

Sola nayo ipigiwe hesabu kabla ya kununua. Madarasa kumi, kila moja na balbu mbili za wati 9, kwa saa tano, yanahitaji wati-saa 900. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ukitaka idumu unatumia nusu tu. Kwa hiyo moja haitoshi, na siku za mawingu bado hatujazihesabu.

Jenereta likae nje, walau mita 6 kutoka madirishani, kwa kuwa hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi wake haina harufu na huua watu usingizini. Kamwe lisichomekwe kwenye soketi ya ukutani: umeme hurudi hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa TANESCO anayeamini laini imezimwa. Fungeni swichi ya chenjiova, ile inayotenganisha umeme wa jenereta na laini ya TANESCO.

Na wanaorudi kwenye nyumba zilizoingiwa na maji, meni swichi ibaki imezimwa hadi fundi apime waya, hata kama ukuta unaonekana umekauka.