Soksi ya upepo ya uwanja wa ndege za rimoti: tazama mdomo kabla ya kitambaa

Wanaopita kibandani kwangu kuulizia soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavuma kuelekea wapi, huanza na kitambaa. "Fundi, nishonee ya turubai, nzito, isichanike." Ya turubai naweza, na itadumu kweli. Lakini asubuhi, upepo wa umande ukivuta taratibu kutoka bara, itaning'inia tu mlingotini huku ndege yako ya povu inasukumwa upande usioutarajia. Mimi nashona matanga na maturubai huku Diani, na siku za mapumziko narusha ndege za rimoti, kwa hiyo hizi soksi nazijua kwa sindano na kwa macho. Ninachokitaka ni kitambaa chepesi, mdomo uliotengenezwa kwa bidii, na mtu wa kuishusha watu wakimaliza kurusha.

Ukubwa kwanza. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza kwa viwanja vya ndege soksi isiyopungua mita 3.6 kwa urefu na mdomo wenye kipenyo kisichopungua sentimita 90, ionekane na rubani aliye angalau mita 300 juu. Sisi tumesimama chini, hatuna haja ya dude hilo. Chukua uwiano wake tu, urefu mara nne ya mdomo: mdomo wa sentimita 25, urefu wa mita moja. Mkia uache wazi, kiasi cha nusu ya mdomo. Ukiubana sana upepo hauna pa kutokea, mishono ndiyo inayobeba mzigo wote.

Sasa jaribio ambalo muuzaji hatakuambia. Kanuni za Marekani zinataka soksi ya kiwanja cha ndege ionyeshe mwelekeo upepo ukiwa wa kilomita 5 na nusu kwa saa, na inyooke kabisa upepo ukifika kilomita 28 kwa saa. Hiyo ya kwanza ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Basi ishike soksi kwa mdomo, tembea nayo dukani kutoka mlangoni hadi kaunta. Isipojaa hata kidogo karibu na mdomo, irudishe. Ya pili inataka bodaboda, barabara tupu na asubuhi isiyo na upepo: kaa nyuma, ishike juu, mwambie dereva akae kwenye 28. Ikiwa mkia bado umelala, kitambaa ni kizito. Ikiwa imenyooka mwanzo wa safari tu, wakati bodaboda bado inajikokota, ni nyepesi mno: ikifika Julai kusi, upepo wa kutoka kusini, likikaza, haitakutofautishia upepo wa kurusha na upepo wa kubaki nyumbani.

Kitambaa chenyewe kina njia mbili, nailoni na poliesta. Nailoni ni laini na huinuka vizuri, lakini hunywa maji ikinyeshewa, ikalegea, na jua huila mapema zaidi. Kwa pwani nachagua poliesta ile yenye vijisanduku vidogo vya nyuzi nene, kwa sababu tundu likitokea haliendelei kuchanika kirahisi. Na huku kwetu ipo ya bure au ya karibu na bure: tiara kubwa za wale wanaoteleza baharini, hapa Diani na kule Paje, Zanzibar. Zikishachanika mahali pabaya huwa hazina kazi kwao. Kitambaa chake ni poliesta ya gramu 50 hivi kwa kila mita ya mraba, na hiyo inatutosha. Kabla ya kukichukua, shika ukingo kwa vidole vya mikono miwili ujaribu kukichana. Kikikubali, jua limeshakimaliza, usijisumbue. Kisha weka mdomo wako juu yake upulize: pumzi ikipenya, upepo nao utapenya.

Rangi? Ya chungwa. Nyeupe hupotea kwenye mawingu, na nyekundu mbele ya minazi huwapa shida wenzetu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Zile rangi za kung'aa sana zinavutia siku ya kwanza lakini ndizo zinazopauka upesi. Milia mitano ya chungwa na nyeupe inapendeza kwenye soksi kubwa. Kwenye ya mita moja kila mlia ni mshono mwingine unaoongeza uzito na ukakamavu. Mimi siiweki.

Mdomoni ndipo pesa yako inapopaswa kwenda. Soksi nyingi za dukani zina waya mwembamba uliopitishwa ndani ya pindo la kitambaa kilekile chepesi. Soksi ikizunguka mchana kutwa, waya unasaga pindo kwa ndani, na siku moja mdomo unakatika mwili ukiwa bado mpya. Ingiza kidole uhisi. Unatakiwa ukute mkanda, ule wa kamba ya begi unafaa sana, umeshonewa kuzunguka mdomo wote, pete ikiwa ndani ya mkanda huo. Pete yenyewe iwe ya chuma kisichoshika kutu, na huku baharini uliza daraja la 316, kwa kuwa 304 nayo huanza kutoka madoa ya kutu. Ifungwe kwenye fremu inayoishikilia juu ya mlingoti kwa mahali panne au zaidi, ili kifungo kimoja kikikatika soksi isiondoke. Mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya ni sawa kabisa, ila chukua nyeusi. Nyeupe hukauka juani na kuvunjika.

Uzi usiwe wa pamba, utaoza. Tafuta wa poliesta, unaoshonea mahema na viatu. Geuza soksi ndani nje utazame mshono mrefu: uwe wa kulalia, ule ulio upande wa ndani wa mguu wa suruali ya jinzi, wenye mistari miwili na bila ukingo wazi. Uzi umekaa juu ya kitambaa, ndio unaopigwa na jua kwanza, kwa hiyo mstari mmoja hautoshi.

Kwenye kuzunguka, wengi husifia beringi. Beringi ya kawaida karibu na bahari ni rafiki wa msimu mmoja. Napendelea fimbo ya chuma iliyochongwa ncha, imesimama wima juu ya mlingoti, kisha bomba la plastiki gumu lililozibwa juu linavikwa hapo na kukalia ile ncha. Maji hayaingii, grisi si lazima, na linageuka kwa upepo ambao hata majani ya mnazi hayausikii.

Mlingoti wa mita 3 au 4 unatosha, wa mwanzi au faiba, kitu ambacho ndege ikikigonga kitapinda badala ya kuivunja bawa. Usiuweke kwenye njia ya kutua. Tatizo kubwa ni miti: upepo ukivuka kizuizi huvurugika kwa umbali wa kiasi cha mara kumi ya kimo chake, hivyo minazi ya mita 15 inataka mita 150. Na hapa pwani upande wa hatari hubadilika. Minazi iliyo kusini ya uwanja haikusumbui wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, lakini kusi likiingia inakaa mbele ya upepo na soksi inaanza kucheza ngoma yake yenyewe. Chimbia ardhini vipande viwili vya bomba vya kusimikia mlingoti, uuhamishe misimu ikipokezana. Maleleji nayo yakifika, upepo ukiwa hauna makao, funga pia utepe mwepesi kwenye antena ya rimoti yako. Utakuonyesha upepo wa pale uliposimama, soksi ikuonyeshe wa kule unakotua.

Kuishusha ndiko kunakoongeza umri kuliko kitambaa chochote. Uwanja unatumika saa chache kwa wiki, lakini jua halina likizo. Isuuze kwa maji ya bomba kutoa chumvi, ianike kivulini, usiifungie ndani ya gari lenye joto.

Mkia ndio utakaoanza kuchakaa, kwa sababu ndio unaopigapiga. Ukiona nyuzi zimeanza kutoka, usingoje: kata ile sehemu kwa kisu kilichopashwa moto ili ukingo uyeyuke na kujifunga, kisha pinda na ushone tena. Urefu ukishuka chini ya mara tatu ya mdomo, fumua mkanda na pete uviweke, ukate mwili mpya.