Somo: Kujenga yadi ya kubebeka kwa reli ndogo za kuunganisha

Mimi na wenzangu tunajenga treni za mfano juu ya meza, kila mtu meza zake, kisha tunaziunganisha ziwe reli moja. Yadi yangu ya kwanza, yaani sehemu ya kupangia mabehewa, ilikuwa na njia sita. Siku tulipoiunganisha na meza za wenzangu, ilisimamisha treni zote. Kila nilipotaka kushanti mabehewa matatu, yaani kuyahamisha njia hadi njia, kichwa cha treni kilitokeza hadi njia kuu, na wenzangu wawili wakabaki wamesimama na treni zao wakinisubiri. Nilikuwa nimehesabu njia za kulaza mabehewa, lakini sikuiwekea yadi njia ya kuyavutia.

Ninajenga kwa kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, na ninafuata Free-mo, kanuni za kuunganisha meza za treni za mfano, zinazotumika sana Marekani. Kanuni hizo zinabana zaidi kingo, pale meza zinapokutana. Kwa njia moja, ubao wa mwisho wa meza una upana wa inchi 24 (sm 61), na reli iko inchi 50 (sm 127) kutoka sakafuni. Katikati ya meza una uhuru mkubwa zaidi.

1. Anza na treni, meza itafuata. Behewa la futi 40 lina urefu wa kama sm 15 pamoja na vibanio vyake vya kuunganishia. Treni ya mabehewa 10 na kichwa kimoja inafika mita 1.7 hivi, basi njia ya kupokelea isipungue hapo. Usijaribu kunakili yadi halisi nzima. Bailey Yard, kule Nebraska, ina urefu wa takriban maili 8. Kwa kipimo chetu ingetaka karibu mita 148. Chukua upande mmoja tu, ule wenye kazi unayoipenda.

2. Chora njia ya kuvutia kabla ya nyingine zote. Hii ndiyo njia ambayo kichwa hutoka nayo kikiwa kimeshika mabehewa, kisha kikarudi kuyasukuma katika njia nyingine. Iende sambamba na njia kuu bila kuigusa. Urefu wake ulingane na njia ndefu kuliko zote za kupangia. Nafasi ikiwa finyu, punguza njia ya kupangia, hii uiache. Yadi ya njia tatu yenye njia nzuri ya kuvutia hufanya kazi kuliko ya njia sita isiyo nayo.

3. Ngazi. Ngazi ni ule mfululizo wa pointi (reli za kubadilisha njia) zinazogawa njia. Natumia pointi namba 6: kwa kila inchi 6 za kwenda mbele, reli inahama inchi 1 pembeni. Njia zikiachana inchi 2, kutoka pointi moja hadi nyingine ni inchi 12, yaani sm 30. Njia nne zinataka pointi tatu, kwa hiyo ngazi nzima inakaa ndani ya meza moja ya futi 4. Inchi 2 hizo usizibane, kwani vidole lazima vipite kati ya mabehewa.

4. Maungio, yaani pale meza mbili zinapokutana. Hapa ndipo yadi nyingi za kubebeka zinapoharibika. Pointi isikae kamwe juu ya ungio. Kila reli ivuke ungio ikiwa imenyooka, kwa pembe mraba. Kati ya meza zako mwenyewe njia tano zitavuka kwa pamoja, na klempu peke yake haiwezi kuzilinganisha, kwa hiyo tia pini za chuma zinazoingia katika matundu yake bila kucheza.

Mimi hufanya hivi: nafunga meza mbili kwa boliti, natia skrubu za shaba pande zote mbili za ungio, nalaza reli nzima juu yake bila kuikata, na kuilehemu kwenye vichwa vya skrubu. Ikishapoa, naikata kwa msumeno mwembamba palepale penye ungio. Pitisha ukucha juu ya mkato. Ukikwama hata kidogo, gurudumu nalo litakwama.

5. Umeme. Nyaya mbili nene chini ya kila meza, na kila kipande cha reli kiwe na waya wake. Usitegemee viungo vya reli kupitisha umeme.

6. Kubeba. Pima mlango wa gari kabla ya kukata plaiwudi. Meza mbili huzigeuza zikatazamana, nikazifunga na mbao mbili za mwisho, zikawa kama sanduku.

Maswali ya wanachama

*Kaka, njia zote nne nizijaze mabehewa?*
Hapana, ndugu yangu. Zikipita theluthi mbili, utakosa pa kuweka behewa moja ili ulifikie la nyuma yake.

*Mabehewa yangu yanaanguka kwenye pointi ninaposukuma kinyumenyume. Tatizo ni pointi?*
Pima kwanza nafasi kati ya magurudumu, halafu uzito. NMRA, chama cha wajenzi wa treni za mfano cha Marekani, kinapendekeza aunsi 1, na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 basi liwe aunsi 4, kama gramu 113. Mengi ya dukani ni mepesi kuliko hapo.

*Mnatenganishaje mabehewa bila kuyanyanyua?*
Kijiti cha mshikaki, dada. Kichonge ncha, kiingize kati ya vibanio kutoka juu, ukizungushe kidogo.

*Mimi nataka kujenga TAZARA. Nitumie reli ileile?*
Reli ya HO ina upana wa mm 16.5 kati ya reli mbili, na hiyo ndiyo mm 1,435 ya SGR ikigawanywa kwa 87. TAZARA ni mm 1,067. Ukigawa kwa 87 unapata 12.3, kwa hiyo tafuta reli ya mm 12. Meza, ngazi na pini za maungio hazibadiliki, ila kwenye yadi yako njia kuu ya wenzako wa HO haitapita, labda uwalazie reli yao pembeni.